Mtoto Mwerevu Haulizi

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Leo nimeamua. Mpwa wangu atapanda Juu.

Juu ni darasa la vipaji la shule ya msingi iliyo mwisho wa mtaa wetu. Liko ghorofani. Lina mapazia, feni, kompyuta na kabati la vioo lenye mifupa ya plastiki ya binadamu mzima. Watoto waliobaki wako chini, wamebanana madawatini, wanapeana zamu ya kupumua. Mtoto akichaguliwa, mtaa mzima unasema: amepanda Juu! Asipochaguliwa hawasemi kitu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mpwa wangu yuko darasa la tano. Nyumbani tunamwita Kwanini, maana ndilo neno lake la kuamkia na la kulalia. Kwa nini mvuke unapanda? Kwa nini kivuli cha Mjomba ni kinene kuliko Mjomba? Shuleni wanamwita Kimya. Mwalimu wake wa mwaka juzi alimwambia maswali yake yanachelewesha wenzake. Basi akafunga mdomo, na hadi leo hajaufungua pale. Jambo hilo linamla dada yangu. Ameniambia hataki sifa wala mapazia. Anataka mtoto wake apate chumba kimoja tu duniani, nje ya nyumba hii, ambamo ataweza kusema.

Namwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa kipaji. Shule niliacha darasa la sita, si kwamba nilishindwa. La! Walimu waliishiwa. Mkaguzi mmoja alikuja, akaniuliza swali, nikamjibu, akalia. Mtaani wananiita Profesa, na sijawahi kumlazimisha mtu.

Kikwazo ni Bwana Tai. Jirani yetu wa ukuta mmoja. Anauza bima, na huvaa tai hata akianika nguo. Mwenyekiti wa wazazi, mwaka nenda mwaka rudi. Ana pacha wa kiume, nao wako darasa la tano, na ameshawanunulia mabegi ya kupandia Juu. Leo kachungulia juu ya ukuta, akaniuliza kama bado natafuta kazi. Nikamwambia kazi ndiyo inayonitafuta, mimi najificha.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Mkutano wa wazazi. Niliketi mbele.

Mwalimu mkuu ni mgeni, mama mfupi, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi. Akasema mwaka huu walimu hawatataja majina ya watoto wa kupanda Juu kama ilivyozoeleka. Amewatazama waliopanda miaka yote, akaona viatu vinavyong'aa tu, na yeye hajawahi kusikia kipaji kinachochagua viatu. Kila mtoto wa darasa la tano atapewa kazi ya kufanya. Kila mmoja! Na baadhi ya wazazi watakaa kama waangalizi.

Nyuma, makofi. Mbele, kikohozi. Bwana Tai akasimama, akasema kwa heshima na taadhima kwamba vipaji hutoka katika nyumba zenye vitabu, na ukimwaga sukari mtoni usitegemee kupata chai.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama. Nikawasimulia nilivyowahi kuwasha injini ya treni kwa mkanda wa suruali, na elimu yangu hii hii, abiria wote wakafika salama, suruali ikafika baadaye. Nikawasimulia na mengine. Nilipoanza habari ya mkaguzi aliyelia, mama mmoja wa nyuma akapendekeza nichaguliwe kiongozi wa waangalizi ili niketi. Sijawahi kuona mikono ikipanda haraka vile. Kwa kauli moja!

Nimemweleza dada yangu. Alikuwa ametoka kwenye tanuri la mikate, unga bado kwenye nyusi. Akaweka mkoba chini, akanisihi: kaka, nakuomba, hili la mtoto usilitie mkono. Nikamwambia mkono wangu ndio bahati yake. Akaenda kulala bila kula.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Semina ya waangalizi, katika maktaba ya shule. Mwalimu mkuu alimpa kila mmoja bakuli la karanga, akapanga makopo matupu mezani. Watoto wataketi wanne wanne, kila mtoto na kopo lake. Watajenga daraja kwa mirija ya soda na uzi, libebe chupa ya maji. Kazi yetu: kila mtoto anapouliza swali, tunatia karanga moja kwenye kopo lake.

Nikaelewa papo hapo. Mtu mwingine angehitaji kuelezwa zaidi. Mimi nilinyanyuka, nikaenda kutafuta chai kwa mlinzi wa getini. Mwalimu mkuu alipoanza kueleza maana ya karanga, mimi nilikuwa kwenye kikombe cha pili. Maana ya nini tena? Anayeuliza ni asiyejua. Karanga ni makosa. Kopo likijaa, mtoto kwisha habari yake!

Mlinzi ana binti, anakaa dawati moja na mpwa wangu. Wanamwita Redio. Anatembea kwa mkongojo, mguu wake mmoja haukukaa sawa tangu kuzaliwa, lakini mdomo umekaa sawa kwa watu wanane. Darasani, Kwanini humnong'oneza, Redio akatangaza. Nikamuuliza mlinzi kama binti yake naye anaitaka Juu. Akacheka kidogo, akasema: Juu ni ngazi, Profesa. Akanimiminia chai nyingine.

Sikufuatilia. Nilikuwa na mipango.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Mpango wa kwanza: kumfunga Kwanini mdomo.

Nimemnunulia mfuko wa pipi za maziwa. Sharti ni kwamba akiuliza swali, ananirudishia moja. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimekula pipi hadi meno yakaanza kunisema. Aliuliza kwa nini pipi hunata. Kwa nini Mjomba anakula pipi za watoto. Kwa nini asiulize. Nikamwambia mtoto mwerevu haulizi. Akasema mbona wahenga walisema kuuliza si ujinga? Nikamwambia wahenga hawakuwahi kusimamiwa mtihani. Nikala nyingine.

Mwishowe nikamwambia ni kwa ajili ya mama yake. Akafunga mdomo. Jioni nzima, hata neno. Nyumba ikawa kama chumba kilichozimwa feni, ndipo unajua kumbe kulikuwa na upepo. Dada yangu akamshika paji la uso akidhani ana homa.

Ushindi! Ingawa chakula hakikuwa na ladha.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Mpango wa pili: pacha wa Bwana Tai. Wao nataka waulize mpaka paa litoke.

Nikawaita ukutani. Watoto wapole, wanaamkia kwa sauti moja kama kwaya. Nikawafundisha kwamba mtu mkubwa huuliza. Jaji huuliza. Daktari huuliza. Wakatazamana, wakataka kujua kama inaruhusiwa, maana baba yao huwaambia wajibu tu. Nikawahakikishia inaruhusiwa, na siku ya kazi wasibakize. Mmoja akaniuliza hapo hapo mbona nina pipi mfukoni na siwapi. Wanashika haraka, maskini!

Kufikia magharibi nilisikia upande wa pili wa ukuta: Baba, bima ni nini hasa? Baba, nyumba isipoungua wale watu wanapata nini? Baba, kwa nini unavaa tai? Halafu dirisha likafungwa.

Nimekwenda kulala nikitabasamu.

Jumanne, tarehe 11 Februari

Siku ya kazi, ndani ya Juu kwenyewe. Nilivaa koti la harusi. Harusi ilikuwa ya mtu mwingine.

Kanuni ni kwamba huangalii meza ya ndugu yako. Mimi nikapewa meza ya pacha! Bahati ikikupenda, hata ukijificha inakukuta. Meza ya Kwanini akapewa mama wa maktaba, mwenye jicho la kuona vumbi ndani ya kitabu kilichofungwa.

Pacha hawakuniangusha. Mrija ukikunjwa unapata nguvu au unapoteza? Chupa lazima isimame? Aliyejenga daraja la kwanza alivukaje kwenda ng'ambo kulifunga? Nilitia karanga mpaka mkono ukachoka. Makopo yakalia kama bati kwenye mvua ya mawe. Nilimwonea huruma Bwana Tai. Kidogo.

Kwanini, kimya. Kopo tupu, linang'aa! Daraja lake lilikuwa limelala kama paka mgonjwa, lakini daraja nani analijali?

Mara nikamwona anatazama mlango. Akatazama kiti kitupu pembeni yake. Akatazama mfuko wa pipi. Akasimama. Akavuka chumba kizima, akanifikia, akanimwagia pipi zote mapajani! Kisha akamgeukia mwalimu mkuu, na kwa sauti ambayo shule ile haijaisikia tangu mwaka juzi, akauliza: kama ni kila mtoto, kwa nini kazi imewekwa juu ya ngazi ambazo rafiki yangu hawezi kuzipanda?

Hakuna aliyekohoa. Mwalimu mkuu akavua miwani. Mama wa maktaba akatia karanga moja kwenye kopo la Kwanini. Ta! Niliisikia hadi mezani kwangu.

Baadaye mwalimu mkuu akataka kujua zile pipi ni za nini. Nikasema dawa ya koo.

Wakati wa kufagia nikapita pale mezani kama mtu anayeokota mirija. Ile karanga nikaitia mdomoni. Ushahidi wote tumboni. Ndiyo maana ya kuwa na mjomba!

Jumatano, tarehe 12 Februari

Balaa.

Asubuhi Bwana Tai kaniita ukutani. Nikajiandaa kumpa pole. Mtu anatabasamu mpaka tai imekwenda upande! Akasema mama wa maktaba amemdokeza kuwa makopo ya pacha yalijaa kuliko yote. Nikamwambia ajikaze kiume, dunia haiishii hapo. Akanishangaa. Akaniuliza kwani semina sikuwepo? Mwalimu mkuu si alieleza vizuri kabisa, kwamba jibu mtoto anaweza kulikariri lakini swali lazima alizae mwenyewe? Karanga ni sifa, Profesa! Kila moja ni sifa!

Nikakaa chini, juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Kopo la mpwa wangu lilikuwa na sifa moja duniani, nami nimeila. Haikuwa hata imekaangwa vizuri.

Jioni dada yangu alirudi na mkate aliouoka kwa umbo la daraja. Kamba zake na nguzo zake, zote za unga. Alikuwa anaimba. Amesikia kwamba mtoto wake alisema shuleni, tena mbele za watu. Nikashindwa kumwambia lililofuata. Kwanini hakuniuliza kitu. Alinitazama tu nikitafuna nguzo.

Afadhali angeuliza.

Alhamisi, tarehe 13 Februari

Mpango mpya. Asubuhi na mapema, koti la harusi, karanga kila mfuko. Naingia maktaba, najaza kopo la Kwanini, natoka.

Mlinzi alinipokea getini, akauliza nakwenda wapi mifuko ikilia kama manyanga. Nikasema nimeitwa kikazi. Nikaingia. Makopo yalikuwa juu ya rafu, kila moja na jina la mtoto. Nikaanza kumimina. Nyuma yangu mtu akanitakia asubuhi njema.

Mwalimu mkuu! Na ufagio mkononi. Yule mama hufika kabla ya vumbi.

Nikamweleza kwamba panya mkubwa sana, ambaye nilipigana naye mwenyewe, amekula karanga ya mpwa wangu, nami kama kiongozi nimekuja kufidia. Akasikiliza yote, hadi rangi ya mkia. Kisha akasema panya huyo alimwona kwa macho yake, na alikuwa amevaa koti hili hili.

Basi nikamwomba. Hapa sikutia chumvi. Nilimwambia anivue uongozi, aniite jina lolote, ila mtoto asihukumiwe kwa tumbo langu. Mama yake anaomba chumba kimoja tu cha kusemea.

Akaegemea ufagio. Akasema karanga ni za kuwafundisha watu wazima kusikiliza, si kura za kuhesabu. Na swali lile halihitaji karanga, maana tangu juzi halijamwacha apumzike. Kila siku alizipanda zile ngazi akijipongeza kwamba ameufungua mlango kwa wote, wala hakuziona kama ngazi. Sasa kazi itarudiwa Jumatatu, huku chini, kwa ajili ya Redio na wengine waliokosa, na Kwanini naye atarudia bila pipi. Na darasa lenyewe linashuka. Kiongozi akionyeshwa kosa, akasema, asiitishe mkutano, abebe meza.

Akanitazama juu hadi chini. Akasema mwenye nguvu za kupigana na panya hashindwi na kabati.

Jumamosi, tarehe 15 Februari

Kuishusha Juu.

Wazazi tulikuja wengi. Nikatoa amri hapa na pale, hakuna aliyesikia. Nikapewa kabati la vioo, mbele mimi, nyuma Bwana Tai. Katikati ya ngazi likakwama. Haliendi, halirudi. Ile mifupa ya plastiki imefungua taya, inatucheka. Tukabaki pale tumelikumbatia kabati, kila mmoja upande wake, wengine wameenda kutafuta fundi seremala.

Mtu akikwama anasema. Bwana Tai akasema pacha wake hawanyamazi siku hizi. Jana mmoja alimuuliza kama alipokuwa mdogo alitaka kuuza bima. Yeye akaenda bafuni. Akasema yeye shuleni hakuwahi kutajwa jina, hata siku moja, ndiyo maana alitaka wanawe watajwe hata kwa kuvunja mlango. Nikamwambia hakuna mlango uliovunjika, ni kabati tu limekwama. Akacheka. Tai ilikuwa imebanwa kwenye bawaba, ikabidi aivue.

Ana shingo ya kawaida kabisa. Nilidhani anaficha kitu.

Seremala alipofika akang'oa milango ya kabati kwanza. Nilikuwa karibu kusema hivyo hivyo.

Jumatatu, tarehe 17 Februari

Kazi imerudiwa. Mimi nimekatazwa kuingia. Nikaangalia dirishani, juu ya tofali.

Redio alianza kuuliza kabla hajaketi. Kwanini alinong'ona kidogo, kwa mazoea. Redio akakataa kutangaza! Akamwambia leo kila mtu na betri zake. Kwanini akavuta pumzi. Kisha yakaja! Uzi mmoja ukikazwa, mwingine unalegea kwa nini? Daraja likiwa linatikisika ni baya au ndivyo linavyopumua? Kwa nini chupa ikae juu, isining'inie chini? Wakaining'iniza chini. Daraja likashika!

Mama wa maktaba aliomba kopo la pili.

Tofali likateleza. Nimeona mwisho wake nikiwa chali, lakini nilisikia makofi.

Ijumaa, tarehe 21 Februari

Mwalimu mkuu ametangaza uwanjani, mbele ya wazazi. Darasa limeongezwa viti, maana huku chini ukuta wa stoo umebomolewa na nafasi ipo. Redio yumo. Pacha wamo. Mtoto wa fundi viatu yumo, na hata yeye hakuwahi kuwa na viatu vinavyong'aa. Na kila alasiri mlango utabaki wazi kwa mtoto yeyote mwenye swali, awe amechaguliwa au hakuchaguliwa.

Halafu akasema: na Kimya. Sauti ndogo ikamsahihisha kutoka mstari wa mbele. Akasema jina lake ni Kwanini. Alisema mwenyewe! Shuleni!

Dada yangu alifunika uso kwa khanga. Unga ukabaki kwenye khanga, machozi yakabaki kwenye unga. Alinishika mkono. Bwana Tai, shingo wazi, akanikumbatia mbele za watu, akanishukuru kwa kuwafundisha wanawe kuuliza. Nikasema si kitu. Nilikuwa nimeliona hilo tangu mwanzo.

Jumanne, tarehe 25 Februari

Nimelitafakari jambo zima kwa utulivu. Ukitazama vizuri, yote yametokana na mimi. Nisingemfunga mtoto mdomo, usingefunguka kwa kishindo kile. Nisingeila karanga, darasa lisingeshuka. Hiyo ndiyo inaitwa mbinu ya mbali.

Na watu wameona! Sasa ni zamu ya darasa la nne, na Bwana Tai mwenyewe amenipendekeza niwe mwangalizi tena. Mwalimu mkuu alifikiri kwa muda mrefu sana, nadhani kwa furaha. Akakubali, kwa sharti kwamba nihudhurie semina.

Nimehudhuria leo. Mabakuli ya karanga yale yale. Makopo yale yale. Mwalimu mkuu akatazama upande wangu, akasema safari hii sikilizeni vizuri, kwa sababu tumebadilisha, safari hii tutatia karanga kila mtoto anapo...

Nikanyanyuka. Mambo ya karanga mimi ndiye mwalimu wao! Chai ya mlinzi ilikuwa ya moto.

Jioni nimemweleza Kwanini, alikuwa sakafuni na Redio wanafungua saa yangu ya ukutani. Nikamwambia wametubadilishia, sasa karanga inatiwa kila mtoto anapo. Wakaacha bisibisi, wakanitazama wote wawili. Kwanini akauliza: anapofanya nini, Mjomba?

Nikampa pipi. Nikamwambia mtoto mwerevu haulizi.